Yah: Ombi la Rangi ya Tano

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania,
Ngaramtoni, Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Huku Uluguru hatujambo, na nyanya nazo hazijambo, tena zinang'aa kuliko sisi.

Kwanza tunashukuru kwa rangi. Chini kwenye kibandiko cha dawa ya shambani kuna ukanda: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, na mwisho kijani kwa dawa isiyoelekea kudhuru. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Anaelewa kiasi kwamba wadudu waitwao kantangaze wakishamaliza nusu ya shamba, anaingia duka la pembejeo na kusema, "Nipe ile nyekundu, hizi nyingine wadudu wanaogelea tu."

Shida yangu ni kijani. Rangi hizi, kama mjuavyo kuliko mimi, zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yanapima zaidi jambo moja: ukiinywa dawa au ikikumwagikia leo, utakufa upesi kiasi gani. Kipimo ni panya. Panya akipona, rangi inapoa. Habari za miaka ishirini ijayo panya hakuulizwa, na kwa haki, panya haishi miaka ishirini.

Ndiyo maana mankozebu, ule unga wa bakajani anaoukoroga kila mkulima wa nyanya, umevaa kijani, wakati Umoja wa Ulaya uliunyima kibali Desemba 2020 kwa kuvuruga homoni na kwa hofu ya kumdhuru mtoto aliye tumboni. Klorothalonili, dawa nyingine ya ukungu, nayo ni ya kijani. Ulaya iliikataa mwaka 2019, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Glaifosati ya magugu iko kwenye bluu tulivu. Shirika hilohilo liliiweka juu zaidi mwaka 2015, kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Na shirika hilo, naomba ikumbukwe, ni mtoto wa Shirika la Afya Duniani. Mzazi yuko Geneva anagawa madaraja, mtoto yuko Lyon anaandika orodha, na kutoka Geneva hadi Lyon si mbali kama Morogoro hadi Dar es Salaam. Wameshindwa kukutana juu ya chupa moja.

Mtanijibu, na mtakuwa na haki, kwamba orodha ya Lyon inasema kitu kina uwezo wa kuleta saratani, haisemi ni kwa kiasi gani. Sawa, tuzungumzie kiasi. Njooni kijijini Nyandira, huku mlimani, asubuhi. Kijana anachanganya dawa mteremkoni: kizibo kimoja cha hii, viwili vya ile, na ya tatu "ya kusindikiza." Anakoroga kwa kijiti, mkono mtupu. Bomba linavuja pale linapoegemea mgongo, fulana imelowa hadi kiunoni, na upepo wa mlimani unamrudishia usoni alichokipuliza. Miguuni ndala. Barakoa aliivaa enzi za Korona. Akimaliza anasuuza bomba kijitoni. Chupa haina kibandiko, maana dawa ilinunuliwa kwa kupimiwa, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Ukanda wenu wa rangi umebaki dukani.

Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zipo kibandikoni, zimeandikwa kwa herufi za ukubwa wa yai la kantangaze. Lakini siku ya gulio Fuso ikishapiga honi, nani atamwambia dalali arudi wiki ijayo? Nyanya zinashuka na madoa yao meupe hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, ambako mama muuzaji anazipangusa moja moja kwa pindo la khanga, ileile anayombebea mtoto.

Sisemi nani ataugua. Hakuna daktari wa saratani wa Ocean Road atakayeapa kwamba uvimbe wa mgonjwa umetoka kwenye bomba fulani la mwaka fulani. Saratani huja ikiwa imechelewa, na chupa yenyewe ilishatupwa zamani. Kwa ofisi yoyote huo ni ugonjwa wenye adabu: hauachi jalada mezani.

Wala tusiambiwe hakuna anayekuja kutukagua kwa kuwa mlima ni mkali. Mkoloni aliupanda kukagua matuta, akakazana hadi Waluguru wakamchachamalia kule Matombo mwaka 1955. Hatuombi fimbo zirudi. Afisa ugani mmoja mwenye pikipiki iliyojazwa mafuta angetutosha.

Basi, rangi. Nyeusi msitupe, watu watadhani ni kali kuliko nyekundu na itaisha dukani siku hiyohiyo. Napendekeza zambarau, ikae ubavuni mwa kijani, na ndani yake yaandikwe maneno mawili kwa herufi kubwa: SI LEO.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mla nyanya, Morogoro.

Nakala: Mamlaka za maji, Morogoro na Dar es Salaam. Mto Mlali unaingia Bwawa la Mindu. Mgeta unaingia Ruvu. Kwa taarifa tu.