Namna ya Kusoma Kitabu cha Furaha Ukiwa Garsen

Kitabu cha furaha hakisomwi ovyo. Kina taratibu zake, hasa kwa msomaji wa Garsen, ambaye mwandishi hakumfikiria hata kidogo.

Kwanza, jua waliokutangulia. Imam Ghazali, aliyeandika Kimiya-yi Sa'adat (Kemia ya Furaha), aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 akaenda kutafuta utulivu wa nafsi. Wewe uliyemaliza chuo na hadi leo hujapata kazi ya kuacha, umeshampita hatua moja. Shukuru.

Pili, tafuta maji yatiririkayo, maana vitabu hivi hupenda sana msomaji akae kando ya mto. Hapo tumebarikiwa: Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Kaa mbali kidogo na ukingo, kuna mamba. Ukifika sura ya kuyaacha mambo yapite, uliza kwanza bwawa la Masinga limejaa kiasi gani. Likifurika kule juu, maji yakifika kwetu hayana haraka ya kupita: hukaa shambani, barabarani, hata chumbani.

Tatu, fumba macho, vuta pumzi, sahau dunia. Kama ni jioni, yafanye hayo ndani ya chandarua.

Nne, ridhika na ulicho nacho. Sura hii inamfaa zaidi dalali wa maembe, kwa hiyo msomee yeye kabla hajakutajia bei. Akicheka, jua yeye ameshakimaliza kitabu.

Tano, sherehekea Siku ya Kimataifa ya Furaha kila Machi 20. Umoja wa Mataifa uliiidhinisha mwaka 2012. Mwaka huohuo, kuanzia Agosti, wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma waliuana huku kwetu, na hadi mapema 2013 waliokufa walikuwa wamepita mia moja. Usikitafute kisa hicho katika vitabu vya utulivu; waandishi wa vitabu hivyo huandika zaidi kuhusu Finland, inayotajwa ya kwanza kwa furaha kila mwaka tangu 2018.

Sita, msamehe jirani yako moyoni, kama kitabu kinavyoagiza. Kisha toka nje ukamtafute, kwa kuwa moyoni hamna malka (njia ya mifugo kufikia mto) ya kunyweshea ng'ombe wala mpaka wa shamba la mpunga. Hayo hutengenezwa pale wazee wa pande zote mbili wanapokaa chini ya mti mmoja na kuelewana mifugo itapita wapi kiangazi kikikaza. Kikao hicho hakina jalada la kung'aa, na huchosha kuliko kitabu chochote.

Soma, ndugu yangu, usiache kusoma. Ila mwandishi anayekuahidi utulivu wa moyo bila kuuliza jirani yako anapata wapi maji, amekuuzia nusu ya kitabu kwa bei ya kitabu kizima.