Saluti ya Kampuni ya Bima

Kila ifikapo tarehe 11 Novemba, ambayo tangu mwaka 1954 Marekani huiita siku ya wanajeshi wa zamani, kampuni za bima ya afya za nchi hiyo huwapigia saluti waajiriwa wao waliowahi kuvaa magwanda, na papo hapo hutangaza ahadi ya usawa wa kiafya, yaani kila mtu apate nafasi ya haki ya kuwa na siha njema bila kujali rangi, kipato wala mahali anapoishi. Heshima hiyo haina gharama kubwa, kwani mamilioni ya wanajeshi wa zamani hutibiwa na idara maalumu ya serikali, kwa fedha za walipa kodi. Usawa nao umekwisha kupatikana, angalau katika idhini ya awali, utaratibu unaomlazimu daktari kuiomba kampuni ruhusa kabla ya kutoa tiba fulani: hapo tajiri na maskini, koplo na jenerali, wote husubiri simu ileile. Sheria ya mwaka 2010 huzitaka kampuni hizo zitumie walau asilimia 80 ya michango kwa matibabu na uboreshaji wa huduma, au 85 kwa waajiri wakubwa. Inayobaki, pamoja na mengineyo, hununua keki na bendera.