Pama Halina Nembo

Wikendi Bagamoyo hujaa wapigapicha wenye kamera za mamilioni na kofia za kuazima. Kofia yenyewe kapelo. Wakifika magofu ya Kaole, ukingo unagonga kamera, basi wanaugeuza kisogoni. Pua inaachiwa jua la saa saba, halafu Jumatatu ofisini Dar wanauliza kwa nini inabambuka.

Wengine huja na ile kofia ngumu ya kizungu, ya wapelelezi. Haya. Henry Stanley aliondokea hapahapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, lakini picha zake mashuhuri za kofia na mavazi ya safari alipigiwa studio, London, mwaka 1872. Ndani ya nyumba! Hata mimi ningependeza.

Bibi anayesuka ukili barazani angekwambia bure, kama ungemwamkia kwanza: chukua pama la miyaa, ukingo mpana lakini laini, unaopinduka juu unapochungulia kwenye kamera. Chini ya ukingo ukili uwe umetiwa rangi nyeusi, maana mchanga wa pwani nao unarudisha jua, usoni kabisa. Na ugwe kidevuni, tafadhali. Upepo unapovuma hauulizi kofia ilinunuliwa duka gani. Unaipeleka tu majini, na wavuvi wana kazi zao.

Tatizo la pama ni moja: halina nembo. Ukilivaa, watu watajuaje kwamba wewe ni mpigapicha? Labda kwa picha, lakini hizo nazo zinataka kazi.