Lumumba ni Karibu Tu

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Hongereni kwa kazi. Tangu ipite Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, tovuti za halmashauri zetu zimezidi kufanana kama watoto wa sare moja: Nembo ya Taifa juu, picha za wakubwa, dira na dhamira, na chini yake, mara nyingi, habari ya kiongozi aliyekwenda kukagua utekelezaji wa Ilani ya CCM. Likichimbwa tundu la choo cha shule, ni Ilani. Ikimwagwa kokoto barabarani, ni Ilani. Kodi haitajwi, utadhani saruji ilinunuliwa kwa ada za wanachama. Basi malizeni kazi: yule bwana na bibi walioshika pembe za ndovu kwenye Nembo wapumzike, pawekwe jembe na nyundo, tujue moja.

Mtasema chama kilishinda uchaguzi, na mpiga kura ana haki ya kujua ahadi zimefika wapi. Hoja ni nzito, siibezi. Lakini ahadi ikishapita kwa madiwani na Bunge ikawa bajeti, mwenye nayo ni mlipa kodi, na mwenye duka Mtaa wa Kongo anayekusanya VAT ya asilimia 18 haulizwi kadi ya chama. Tena, kama nia ni kutoa hesabu, mbona ahadi zilizokwama hazipewi ukurasa wao? Atatokea pia mjuzi wa kufungua Ibara ya 3 ya Katiba, atuonyeshe kwamba nchi hii bado ni ya kijamaa, kwa hiyo itikadi ina kibali. Sawa, uwekeni huo ujamaa tuusome, tuone unavyopatana na fremu za Kariakoo zinazopatikana kwa kilemba. Ila asome ibara hiyohiyo hadi mwisho, maana inataja na mfumo wa vyama vingi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, kilio chao kilikuwa kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo. Hakuna aliyelia kwamba Ilani haijamfikia. Anayeitaka, ofisi ya CCM iko Mtaa wa Lumumba, kwa miguu tu kutoka sokoni. Chama kina tovuti yake, gazeti la Uhuru na redio. Anachokosa mtu wa Kariakoo ni ukurasa unaomwambia kizimba kinaombwaje, ushuru ni shilingi ngapi na akionewa alalamike wapi.

Ikiwa Ilani lazima ibaki, vipeni vyama vingine vyenye usajili wa kudumu nafasi sawa. Hilo likiwashinda, ipelekeeni CCM ankara ya matangazo, na malipo yakiingia mkate risiti ya EFD.

Wenu mtiifu,
Mlipa ushuru, Kariakoo