Jinsi ya Kuvunja Safari ya Baharini Bila Kuona Haya

Kutweka tanga hufundishwa kila mtoto wa pwani. Kuwaambia abiria kumi na watatu washuke na magunia yao, kisha kupanda zako mchangani shingo imenyooka, hilo halina mwalimu. Mwongozo huu ni wa hilo. Ni wa mwenye ngalawa, mashua au boti ya faiba: anayevusha watu Mkokotoni kwenda Tumbatu, anayetoka Nyamisati kwenda Kilindoni, au anayechungulia tu nje ya mwamba kwa ajili ya kitoweo. Nimeuandika kwa sababu nawapenda mabaharia wakiwa hai, na kwa sababu mabingwa wa kuondoka tunao wa kutosha. Tulio na uhaba nao ni mabingwa wa kubaki.

Safari nzuri huvunjwa usiku wa kuamkia, kabla hujanunua barafu. Hapa wengi huchelewa. Mtu akishalipia barafu, petroli na chambo, huanza kuitazama bahari kwa jicho la mdeni: wingu jeusi huliita kivuli, wimbi huliita mkunjo wa maji. Basi fungua redio au simu kabla ya kufungua mfuko wa fedha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za siku tano mbele, na ikiona hatari huipanga kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Wapo wanaodhani angalizo ni salamu. Angalizo ni la chombo kama chako hasa. Meli kubwa huenda ikavumilia hali ambayo ngalawa haiiwezi.

Sasa ichukue ile sentensi tuliyoizoea hadi hatuisikii tena: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Upepo kwanza. Nguvu yake haikui sambamba na kasi: ukitoka kilomita 20 hadi 40, tanga halisukumwi mara mbili, husukumwa mara nne. Kisha mawimbi. Wataalamu wa bahari wanapotaja urefu wa mawimbi, kwa kawaida wana maana ya wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Katika bahari ya mita 2, kwa hiyo, mara mojamoja utakutana na wimbi linalokaribia mita 4, na halitakuja na barua ya utambulisho.

Baada ya hesabu hiyo shuka majini. Chombo kikiwa kimepakiwa kila kitu, saruji, mchele, mbuzi na watu, simama ubavuni mwake, weka kiganja kwenye uso wa maji na upime kwenda juu hadi ukingoni. Pima pale katikati ya ubavu, ambako ukingo uko chini kuliko omo na tezi. Ukipata shubiri mbili tu, umeshapata jibu lako. Utabiri hutolewa kwa eneo kubwa la bahari. Haujui kwamba leo umeongeza mifuko sita ya saruji ya rafiki yako. Sehemu hiyo ya utabiri ni kazi yako wewe, na hakuna mtambo utakaokufanyia.

Ukitaka sababu ya kubaki ambayo hata mkaidi ataiheshimu, shika kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na kati ya hizo kuna maleleji, pepo zisizo na msimamo. Kusi ya Juni na Julai ndiyo inayowadanganya wageni, maana huvuma chini ya mbingu ya buluu isiyo na wingu, hewa baridi ya kipupwe, siku ya kupigia picha. Jua halina mamlaka juu ya mawimbi. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na bahari ilikuwa imechafuka. Ikiwa chombo cha kiasi kile kilishindwa, mwenye mashua asione soni kusema Julai hii leo anapumzika.

Kaskazi nayo ina hila yake. Kwenye pwani yetu mkondo mkubwa wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma huusukuma mgongoni, nao hukimbia. Kaskazi ikivuma huukabili uso kwa uso, na hapo mawimbi husimama wima, mafupi, yaliyosongamana, omo haijamaliza kushuka la kwanza imeshazama kwenye la pili. Wimbi fupi la mita 1 linaweza kukutesa kuliko wimbi refu la mita 2. Kwa hiyo kwenye utabiri usiulize urefu tu. Uliza pia kati ya wimbi na wimbi zinapita sekunde ngapi. Sekunde nne au tano ni bahari ya kukujazia maji ndani. Sekunde kumi na mbili kilindini hazisumbui, hupanda na kushuka tu, ila zikifika mwambani hupasuka vibaya sana.

Na mwambani ndiko penye kazi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu tunapata bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika maji mafu hubaki mita 1 na ushei. Unguja wakati wa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukiyajua hayo una udhuru bora kuliko wote duniani: "Maji hayajaruhusu." Hakuna abiria aliyewahi kubishana na maji yaliyotoka. Na udhuru huu ni wa kweli tupu, maana bamvua linapotoka kwa kasi kupitia mlango wa mwamba, huku mawimbi ya nje yanaingia, kwenye mlango huo maji hupigana, na wimbi ambalo nje lilikuwa mgongo laini huvunjika likawa ukuta. Upande wa mashariki wa Unguja, Jambiani na Makunduchi, kusi inapiga moja kwa moja. Pale subiri maji yajae na mkondo ulegee. Kusubiri saa tatu chini ya mnazi si kupoteza siku.

Yatazame maji yenyewe pia, ukiwa umesimama mahali pa juu. Mapovu meupe machache ya hapa na pale ni upepo wa wastani. Yakiwa kila upande unaotazama na upepo unayapeperushia manyunyu, umefika kwenye zile kilomita 40. Tazama nje ya mwamba, siyo ndani: ndani kunatulia hata siku za balaa. Kisha tazama watu. Ukikuta ngalawa zimepandishwa mchangani, na wazee wanakalafati vyombo saa ambayo kwa desturi wangekuwa kilindini, usiwaulize lolote, wameshakujibu. Usikimbilie kumfuata yule mmoja aliyetoka, kwa sababu hujui anadaiwa na nani.

Ukiamua kutoka, toka mapema. Alfajiri kuna umande, upepo wa bara unaokusukuma nje taratibu, na bahari kwa kawaida huwa imelala. Kuanzia adhuhuri jua limeshapasha nchi kavu, upepo wa baharini huongezeka, na kusi ya asubuhi iliyokuwa mpole hugeuka kitu kingine. Safari inayopangwa saa mbili ikacheleweshwa na mizigo hadi saa saba siyo safari ileile. Huo ni wakati mwingine wa kuivunja, na ni wakati ambao watu huona haya kuliko wakati wowote, kwa kuwa wameshapakia. Wapakue.

Tuje sasa kwenye sehemu ngumu, yaani binadamu. Wavuvi watakuelewa. Tajiri wa samaki atalalamika, mwache alalamike. Mtalii mwenye ndege ya jioni atakuongezea fedha. Jua kwamba fedha ile haiongezi hata kidole kimoja kwenye ukingo wa boti. Bwana harusi atasema wageni wanangoja. Mjibu kwa adabu: "Mwanangu, harusi inaweza kungoja bwana; haiwezi kungoja maiti." Mwenye msiba ndiye mzito zaidi, na kwake usitumie maneno makali. Mwambie, "Mama, pole sana. Sitaki nyumba yenu iwe na misiba miwili," kisha umtafutie mahali pa kukaa na chai. Mgonjwa mahututi peke yake ndiye anayestahili mjadala, na hata huyo mtafutie chombo kikubwa kwanza, kwa simu, kabla hujafungua kamba ya chako.

Daraja la juu la ufundi huu ni kugeuza ukiwa umeshatoka. Liamue ukiwa bado ufukweni: tukifika mlango wa mwamba na mfua maji hapumziki, tunarudi. Mfua maji ndiye kipimo kizuri kuliko vyote. Mtazame mkono na lile dumu lililokatwa. Akifua mara mojamoja, sawa. Akianza kufua bila kunyanyua kichwa na maji ngamani hayapungui, geuza, huku ukichagua mwanya baada ya mawimbi makubwa kupita ili usiyape ubavu. Petroli iwe imegawanywa mafungu matatu, la kwenda, la kurudi na la dharura. Jaketi za kuokolea maisha ziwe zimevaliwa tangu ufukweni, siyo zimekaliwa kama mito. Ukiona upande unakotoka upepo mstari mweusi unatambaa juu ya maji na hewa imepoa ghafla, tua tanga hapohapo, waketishe watu sakafuni, na uelekeze omo kwenye mawimbi. Mimi sioni ushujaa wowote katika kulitua tanga baada ya kuchanika.

Upepo ukiacha, usiharakishe. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja hadi Mafia, vyombo vikazuiwa kutoka, na waliotii wakakaa nyumbani. Kimbunga kikifa, au kusi ikipungua, mawimbi yaliyokwisha kuinuliwa huendelea kutembea hata siku nzima au zaidi, chini ya hewa tulivu. Ngoja taarifa inayofuata, kisha upime tena kwa shubiri.

Na siku uliyovunja safari rudisha nauli papo hapo, yote, pamoja na ya mizigo. Usiseme "tutaangalia kesho" huku fedha za watu ziko mfukoni, maana kesho hizo fedha ndizo zitakazokusukuma majini. Waambie saa ya maji kujaa kesho, waambie utasikiliza taarifa ya hali ya hewa jioni na utawapigia simu baada ya swala ya isha. Kisha wapigie, hata kama jibu ni hapana tena.