Sifa za Wasiwasi wa Mapema

Dar es Salaam haina upungufu wa wasiwasi. Upo wa kodi ya nyumba, upo wa bei ya mafuta, upo wa mvua za masika na bonde la Jangwani. Huo una wasemaji wake, tuwaachie. Mimi nimesimama kuutetea ule unaosingiziwa kila siku: wasiwasi wa mtoto wa darasa la tatu anayechelewa kupata usingizi kwa kuwaza kama atapata nafasi ya kusomea udaktari Muhimbili. Mabibi wanaulaumu kwamba unakondesha watoto. Walimu wanaulaumu huku wakiuongezea mazoezi ya Jumamosi. Sijasikia hata mmoja akiushukuru, na hayo si mazoea mema kwa kitu kinachotufanyia kazi usiku na mchana bila mshahara.

Tuanze na uwahi wake. Mambo mengi mazuri katika maisha hutufikia tukiwa tumeshazeeka, lakini huu humfuata mtu chekechea. Nenda ukayaone mahafali ya watoto wa awali, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, chini ya turubai la kukodi. Watoto wa miaka mitano na sita wamevikwa majoho meusi na kofia za pembe nne, jua la saa saba liko juu ya vichwa vyao, na wengine wanatafuna vishada vya kofia kwa sababu keki imewekwa mbali. Mshereheshaji anawaita "wahitimu wetu." Mhitimu mmoja amebanwa na mkojo, joho limeshikizwa nyuma kwa pini tatu, na mwalimu anamwambia avumilie mpaka picha ya pamoja. Anavumilia. Kabla ya jioni picha hiyo imeshafika kwenye grupu la ukoo ikiwa na maneno "Daktari wetu mtarajiwa," na shangazi wa Mwanza amejibu Amina kwa herufi kubwa. Hakuna katika picha hiyo anayejua kuandika neno daktari isipokuwa waliowavika majoho.

Mavuno huonekana mapema pia. Katika sendofu moja ya kifamilia mgeni alimwinamia mpwa wangu, wa darasa la tatu, akamuuliza akiwa mkubwa anataka kuwa nani. Mtoto akajibu, "PCB." Enzi zetu tungesema rubani, askari, au dereva wa basi la mikoani, na wakubwa wangecheka, maongezi yakaisha. Huyu alitaja tahasusi ya kidato cha tano, Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambayo ataifikia baada ya miaka kadhaa na mitihani kadhaa ya taifa. Kuwa nani hakukutajwa kabisa. Meza nzima ilipiga makofi.

Kuna pia usalama wa mwili, jambo ambalo watetezi wa michezo hawapendi kulizungumza. Kombolela ina hatari zake: mtoto huchubuka goti, hupotea nyuma ya nyumba za watu, hujifunza kugombana na kupatana bila mtu mzima kuwa mwamuzi. Rede huvunja vioo. Wasiwasi wa chuo kikuu umeyaondoa hayo yote kwa tuisheni ya kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi, na Jumamosi mpaka saa saba. Saa kumi na moja alfajiri basi la shule limeshapiga honi getini, mtoto anapanda akiwa na chupa ya chai na kichwa kinachotafuta kioo cha kuegemea. Analala Mbezi hadi Mwenge kwa utulivu ambao kitandani hakuupata. Na tazama wanaokula kupitia usingizi huo: dereva, matroni, mwalimu wa tuisheni aliyegeuza baraza lake kuwa darasa, kijana wa stesheneri anayetoa kopi za mitihani iliyopita. Ukiwatibu watoto wasiwasi huu leo, kesho kijana wa stesheneri atakuwa na wake.

Wazazi nao umewafaa sana. Baba asiyejua mwanawe anaogopa nini usiku anazijua alama zake za Hisabati mpaka desimali. Wana jambo la kuongea.

Mara moja nilijaribu, kwa nia mbaya, kuudhoofisha wasiwasi huo kwa hoja. Nilimweleza mzazi mwenzangu kwamba Tume ya Vyuo Vikuu inapoweka sifa za chini za kuingia digrii kwa aliyemaliza kidato cha sita, huangalia pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni tano na E ni moja. Kwa udaktari zinatakiwa pasi tatu za masomo ya sayansi, na hapo ndipo ushindani unapokuwa mkali kweli. Huulizwa cheti cha kidato cha nne na cha sita. Matokeo ya darasa la tatu hayana hata kisanduku chake kwenye fomu. Mwenzangu alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Ndiyo, kaka, lakini msingi." Hiyo ndiyo ngao ya wasiwasi huu, na hakuna mkuki unaoipenya. Chochote unachomfanyia mtoto mapema mno kinaitwa msingi.

Serikali yenyewe ilijaribu ikashindwa. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba limeacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wengi tulidhani presha itashuka. Wasiwasi haukuhitaji hata siku ya mapumziko. Matokeo ya kila kituo yako wazi kwenye tovuti, namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi na daraja, kwa hiyo wazazi wenye Excel wakajitengenezea orodha zao. Shule nazo zikatundika mabango barabarani, nyuso za watoto zimepangwa kwa mistari, chini ya kila uso imeandikwa "One ya 7." Zamani Baraza lilikuwa linatutajia kumi tu. Sasa kila kona ina kumi bora wake, na hakuna mtoto anayeweza kwenda dukani kununua chumvi bila kukutana na aliyemzidi.

Wapinzani hupenda kutupa mifano ya kale, nami sitaikwepa. Husema Mwalimu Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama kumi na miwili. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha. Katika umri wa miaka sita, badala ya kuvalishwa joho, alikuwa kijijini Butiama hajui kwamba kuna kitu kinaitwa Makerere, ambayo ilianzishwa mwaka uleule aliozaliwa yeye, 1922, ikiwa shule ya ufundi tu. Akaenda Tabora, akaingia Makerere mwaka 1943, akatoka Edinburgh na shahada ya Master of Arts mwaka 1952. Nani ajuaye angefika wapi kama angeanza kuhangaika mapema? Shaaban Robert ndiye usimtaje kabisa. Alisoma Dar es Salaam miaka ya ishirini, akawa karani wa forodha, na hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu chochote. Leo watu wanapewa shahada za uzamivu kwa kumchambua. Ni wazi alikosa msingi.

Nitasema jambo moja ambalo watetezi wenzangu hawalisemi: wasiwasi huu unachagua nyumba. Haugongi kila mlango. Shule ya kata ambako watoto wanabanana watatu au wanne kwenye dawati moja, wasiwasi uliopo ni wa dawati lenyewe, na wa kiatu kilichofunguka soli, na wa maji ya kuchota kabla ya kengele. Muhimbili huko ni mahali anapopelekwa mgonjwa aliyeshindikana wilayani. Wasiwasi wetu hupenda nyumba zenye vigae, zenye intaneti na mwalimu wa kuja nyumbani, yaani zile ambazo mtoto wake ana njia iliyonyooka kuliko wengine wote. Una staha ya mgeni mstaarabu: hauendi kulemea mwenye dhiki.

Katika nyumba zenye vigae vya bei zaidi, Muhimbili haitoshi, inatajwa Harvard, ambayo miaka ya karibuni huchukua waombaji wasiozidi watano katika kila mia. Huko wasiwasi umezaa hata ukarimu. Kijana wa miaka kumi na minne ameambiwa kwamba vyuo vya Marekani hupenda mwombaji mwenye moyo wa kujitolea, basi amefungua asasi yake, ina nembo na mwenyekiti, ambaye ni yeye. Kila likizo kituo cha yatima kilicho jirani hupokea kalamu na mpiga picha. Kalamu hubaki, tuwe wakweli, na watoto huandikia.

Lakini sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba hauna maswali mengi. Wasiwasi huu unajua kufika getini tu. Ya ndani ya geti hauyafahamu: bumu la mkopo linalochelewa, mtihani wa sapu wa mwaka wa kwanza, usiku wa msuli, mwenzako wa chumba aliyefeli akadisko na hathubutu kurudi kwao. Na ya upande wa pili wa geti ndiyo kabisa. Katika ile sendofu, mkono wa kushoto wa mpwa wangu alikuwa amekaa binamu yake mwenye digrii ya Mlimani, ambaye tangu amalize hufungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Hakuna mgeni aliyemwinamia kumuuliza anataka kuwa nani. Tungemwambia nini? Kazi zitakazokuwepo mpwa wangu akifika umri wake hatuzijui, na wala hatujui zipi zitakuwa zimekufa. Jina la chuo tunalijua. Ni fupi, linatamkika, na linamfanya mtu mzima aonekane ana jibu mbele ya mtoto. Kwa fadhila hiyo pekee wasiwasi huu ungestahili sanamu pale kwenye kona ya Mwenge, kama foleni ingeruhusu.

Habari njema ni kwamba unakaribia kupata msimu wake mkubwa. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, na mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Mzazi mmoja katika grupu letu ameshapiga hesabu: wakienda sambamba bila kukwama, makundi yote mawili yatamaliza kidato cha sita mwaka 2034 na kuomba chuo msimu mmoja. Ameuliza, saa tano na nusu usiku, kama kuna mwenye mtu wake Muhimbili wa kuulizia viti. Kabla sijaweka simu chini wazazi kumi na wawili walikuwa wanaandika.