Daktari wa Mawe Ahutubia Namtumbo

Mtaalamu alipokabidhiwa kipaza sauti alianza kujitambulisha, na kwa muda mrefu hapakuwa na dalili kwamba angevuka hapo. Karatasi ya manila ukutani ilisema mada ni "Madini Adimu ya Upili". Wasikilizaji wakapewa kwanza historia ya kofia yake, ikafuata ya nyundo yake, kisha habari za kigogo fulani wa Dodoma ambaye halali bila kumpigia simu.

Mada yenyewe ilistahili heshima zaidi. Mvua inapopenya kwenye mbale kongwe hushuka na oksijeni. Madini ya awali huoza, metali zake huyeyuka, kisha huganda upya zikiwa madini mengine yenye rangi za kuvutia. Shaba huleta kijani, urani manjano. Pale Shinkolobwe, Katanga, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915, urani ilikaa pamoja na shaba, kobalti na nikeli, na sehemu zake za juu zilitoa kuriti na sklodowskiti, majina ya kuwaenzi Pierre Curie na mkewe Marie Skłodowska. Haya yote Mtaalamu aliyamaliza kwa maneno mawili: "Hayo yapo." Akarudi kwenye nyundo.

Alichangamka kidogo alipofika kwa ruthafodini, kwa kuwa ilimhusu. Rutherford, alisema, alikuwa bwana shamba Mwingereza hapa Songea, na babu yake ndiye aliyemwonyesha jiwe hilo baada ya kumlisha ugali.

Ruthafodini ilitoka milima ya Uluguru, Morogoro, na aliyeieleza mwaka 1906 ni mkemia Mjerumani, Willy Marckwald. Mwaka huo nchi ilikuwa ya Wajerumani, Wangoni walikuwa katika vita vya Maji Maji, na Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa akifundisha fizikia Montreal, Kanada. Ugali huo ulisafiri mbali.

Aliongeza kwamba madini mapya aliyoyagundua mwenyewe yatapewa jina lake punde tu atakapoyaandikia ripoti. Utaratibu wa kimataifa wa kutaja madini haumruhusu mtu kuyaita kwa jina lake mwenyewe, lakini nani angemkatiza?

Kisha akainama, akashusha sauti: Namtumbo kuna urani, na serikali haijui.

Watu wakatazamana. Mashapo ya Nyota, Mto Mkuju, ndiyo yaliyofanya mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe na kamati ya UNESCO mwaka 2012. Wengi ukumbini walishakaa kwenye mikutano ya kijiji juu ya jambo hilo hadi wakasinzia.

Kuthibitisha siri yake, alifungua leso, akatoa jiwe la manjano na kulilamba. Wanajiolojia hulamba mawe kweli, ili punje zionekane vizuri. Ila yeye alilamba kwanza, ndipo akatangaza kuwa ni autuniti, madini ya urani.

"Shikamoo, Daktari," alisema muuguzi wa zahanati, mstari wa mbele. "Urani, ukiacha mionzi, si hudhuru figo?"

"Marahaba. Inategemea figo za nani."

Nyuma kabisa alikaa broka wa Tunduru, mzoefu wa yakuti tangu miaka ya 1990, na mfukoni alikuwa na tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Autuniti ikimulikwa na tochi hiyo huwaka kijani cha kuchoma macho. Taa zikazimwa. Broka akamulika.

Jiwe halikuwaka hata chembe. Kwa macho ya broka ilikuwa kutu ya chuma tu, ya kuokotwa kando ya barabara yoyote. Kilichowaka ni shati jeupe la Mtaalamu, buluu tupu kuanzia kola hadi mkanda, kwa sababu sabuni ya unga hutiwa kemikali za kung'arisha ambazo hufanya hivyo hivyo.

"Mmeona mionzi ilivyoniingia!" akapaza sauti gizani, na kuagiza apigwe picha haraka kabla haijapoa.